Mama Mjamzito Alaye Vyakula vya Mimea Pekee: Nguvu Zake Zitatoka Wapi?

Je, mama mjamzito asiyekula nyama, samaki wala mayai, na asiyekunywa maziwa, aweza kuibeba mimba yake hadi mwisho akiwa na nguvu, na kumzaa mtoto mwenye afya? Swali hili huulizwa mara nyingi, na majibu yatolewayo aghalabu ni mawili yapinganayo. Wako wasemao kwamba pasipo nyama hapana damu. Wako pia wasemao kwamba mimea ina kila kitu ambacho mwili wa binadamu hukihitaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana kasoro.

Sayansi ya lishe yatufundisha kwamba mimea yaweza kumlisha mama na mtoto aliye tumboni, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, chakula hicho kiwe na nishati ya kutosha katika ujazo mdogo. Pili, madini yaliyofungwa ndani ya nafaka na jamii ya kunde yafunguliwe kwa ufundi wa jikoni. Tatu, kile ambacho mimea haina kabisa kitafutwe mahali pengine. Asiyeyajua masharti haya huweza kula akashiba kila siku, na bado akachoka, akapungukiwa na damu, na mtoto wake akaathirika.

Walaji wa mimea pekee ni akina nani?

Wako watu wajizuiao kwa hiari yao. Mwaka 1944 Donald Watson na wenzake walianzisha nchini Uingereza chama cha watu wasiotumia chakula chochote kitokacho kwa mnyama, na mwenendo huo umeenea katika nchi nyingi. Wako wafuatao mafundisho ya imani: Marastafari wengi hujiepusha na nyama, na waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kwa takriban nusu ya siku za mwaka.

Lakini liko kundi jingine lililo kubwa zaidi katika nchi zetu. Hawa hawakuchagua, kwao nyama huonekana siku ya sikukuu, na chakula cha kila siku ni ugali, maharage na mboga za majani. Yote tutakayoyaeleza hapa yanawahusu wao pia. Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza si la watu wachache wenye desturi za pekee.

Mwili wa mama unadai nini?

Katika miezi tisa ya mimba, mwili wa mama hujenga mambo mengi kwa wakati mmoja: mtoto mwenyewe, kondo la nyuma, mji wa mimba unaopanuka, na akiba ya mafuta kwa ajili ya kunyonyesha. Zaidi ya hayo, ujazo wa damu ya mama huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50. Majimaji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu, na ndiyo sababu wekundu wa damu hushuka kidogo hata kwa mama aliye mzima.

Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na wa Shirika la Afya Duniani wamekadiria kwamba nishati ya ziada anayoihitaji mjamzito kwa siku ni kilokalori 85 hivi katika miezi mitatu ya kwanza, 285 katika miezi mitatu ya pili, na 475 katika miezi mitatu ya mwisho. Basi usemi kwamba mjamzito ‘hula kwa ajili ya watu wawili’ si sahihi kwa upande wa wingi wa chakula. Kilokalori 475 hupatikana katika gramu 50 za karanga pamoja na ndizi mbivu mbili. Ni kwa upande wa ubora wa chakula ndipo usemi huo hukaribia ukweli, kwani madai ya madini ya chuma na ya foleti huongezeka kwa kiasi kikubwa kuliko madai ya nishati.

Nishati na tatizo la ujazo

Vyakula vya mimea vina nyuzinyuzi nyingi, na wanga wake ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Uji mwepesi wa kunywa una unga takriban sehemu moja kwa kumi tu, au pungufu. Sehemu iliyobaki ni maji. Ukiongezwa unga ili nishati iongezeke, uji huwa mzito hata usinyweke. Sasa tumfikirie mama wa miezi minane. Mji wa mimba umelisukuma tumbo la chakula juu, naye hushiba upesi. Akila kidogo na chakula chake kikiwa ni maji mengi, nishati aliyoipata haitoshi. Uchovu wake hautokani na uvivu, bali na hesabu ya kilokalori.

Njia za kulitatua tatizo hili ni tatu. Ya kwanza ni kugawa chakula katika milo mitano au sita midogo. Njia hii humfaa pia mama wa mimba changa asumbuliwaye na kichefuchefu, kwa kuwa tumbo tupu hukizidisha. Ya pili ni kutia vyakula vyenye mafuta: karanga zilizosagwa, tui la nazi, ufuta, korosho, parachichi. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4 tu.

Njia ya tatu ni kimea, nayo ni ya kale katika jamii zetu. Punje ya ulezi ikiloweshwa na kuachwa ichipue, hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kuukata wanga kuwa minyororo mifupi. Minyororo mifupi haiwezi kushika maji mengi. Hivyo, kijiko kimoja cha unga wa kimea huweza kuugeuza uji mzito kuwa mwepesi bila kuongeza tone la maji, na mnywaji akapata nishati maradufu katika kikombe kile kile. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliichunguza njia hii kwa ajili ya uji wa watoto wachanga. Kanuni yake ni ile ile kwa mama ashibaye upesi.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Machipukizi ya mtama yana kiini kinachotoa sumu ya sianidi. Kwa hiyo ulezi ni bora zaidi kwa kazi hii. Kadhalika, baada ya kutiwa kimea na kulegea, uji sharti uchemshwe tena ili kuua vijidudu.

Protini: nafaka na kunde pamoja

Protini, au utomwili kama wengine wanavyouita, hujengwa kwa asidi za amino. Mahindi yana upungufu wa asidi iitwayo laisini. Maharage, kunde, choroko, dengu na mbaazi vina laisini kwa wingi, lakini vina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Kwa hiyo ugali kwa maharage, wali kwa choroko, na makande, ni vyakula vilivyokamilishana. Si lazima viliwe katika sahani moja. Yatosha viliwe katika siku moja. Mama anayekula jamii ya kunde mara mbili kwa siku pamoja na karanga, na asiyepungukiwa na nishati, hana sababu ya kuihofia protini. Lakini nishati ikipungua, mwili huichoma protini kama kuni, na kazi ya ujenzi ikasimama.

Madini ya chuma: yaliyomo na yapatikanayo

Tuanze kwa hesabu ambayo mwanafunzi aweza kuifanya. Mimba moja hudai takriban miligramu 1,000 za chuma: kiasi cha 300 kwa mtoto na kondo, 450 kwa chembe mpya za damu ya mama, na zilizobaki ni zile ambazo mwili huzipoteza kila siku. Gawanya kwa siku 280, utapata kama miligramu 3.6 kwa siku zinazotakiwa kuingia katika damu. Madai yenyewe huwa madogo mwanzoni na makubwa sana mwishoni.

Hapa lazima tutofautishe chuma kilichomo katika chakula na chuma kinachofyonzwa na utumbo. Chuma cha nyama, kilichomo ndani ya himoglobini, hufyonzwa kwa urahisi. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 10. Mama aliyekula miligramu 20 za chuma cha mimea, nayo ni mengi, akifyonza asilimia 5 amepata miligramu moja tu.

Kizuizi ni nini? Cha kwanza ni faiteti, kiini ambacho mbegu hukitumia kuhifadhi fosforasi. Hicho hukishika chuma, zinki na kalsiamu kwa nguvu. Cha pili ni tanini na viini vinavyofanana nayo, vilivyomo kwa wingi katika chai na kahawa. Kikombe cha chai kinywewacho pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma kwa zaidi ya nusu. Mama anywaye chai baada tu ya maharage na mchicha amekwisha kukifunga chuma alichokila. Chai na inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Na funguo je? Ufunguo ulio rahisi kuliko wote ni vitamini C, ambayo huweza kuongeza ufyonzwaji wa chuma cha mimea mara mbili au zaidi. Ndimu ikamuliwe juu ya maharage yaliyokwisha kupikwa, kwa maana moto huiharibu vitamini hiyo. Au mlo ufuatwe na pera, chungwa, embe au papai. Ubuyu nao una vitamini C nyingi. Ufunguo wa pili ni kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake. Wa tatu ni kuchipusha, kwani punje inayoota huvunja faiteti yake yenyewe ili ipate fosforasi. Wa nne ni kuchachusha. Katika togwa, kinywaji kijulikanacho sana kusini mwa Tanzania, bakteria hutengeneza asidi ya laktiki, na katika uchachu huo vimeng'enya vya nafaka huvunja faiteti kwa ufanisi zaidi. Bibi zetu waliotengeneza togwa hawakulijua neno faiteti, lakini kazi yao ilikuwa ya kikemia hasa.

Liko pia jambo la udongo. Wajawazito wengi hupenda kula udongo uuzwao sokoni kwa jina la pemba. Hamu hii mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, lakini udongo si dawa yake. Huweza kukishika chuma cha chakula, na huweza kuwa na madini ya sumu kama risasi. Mama mwenye hamu hiyo asichekwe. Apelekwe kliniki akapimwe wekundu wa damu.

Baada ya kusema hayo yote, ni haki tukiri matokeo ya hesabu yetu: hata kwa ufundi wote wa jikoni, chakula peke yake aghalabu hakitoshi kulipa deni la chuma la miezi ya mwisho. Hali ni hiyo hata kwa wengi walao nyama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kila mjamzito apewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Tena malaria na minyoo ya safura huila damu ambayo chakula kimeijenga, na tiba zake zitolewazo kliniki zisiachwe.

Foleti: somo kutoka Bombay

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, bibi Lucy Wills, alikwenda Bombay nchini India kuchunguza upungufu mbaya wa damu uliowapata wajawazito, wakiwamo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Chembe nyekundu za wagonjwa hao zilikuwa kubwa kupita kiasi, lakini chache. Bibi Wills aligundua kwamba maradhi hayo yaliandamana na ufukara wa chakula, na mwaka 1931 alitangaza kwamba dondoo la hamira liliwaponya. Kiini chenyewe kilitengwa mwaka 1941 kutoka majani ya spinachi, kikaitwa asidi ya foliki, kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Kwa foleti, mlaji wa mimea ni tajiri: mchicha, majani ya kunde, maharage, karanga na machungwa vyote vinayo. Lakini huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu; mboga zisichemshwe hadi zikawa nyeusi na maji yake yakamwagwa. Wakati nao una umuhimu wake. Mfereji ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla mama wengi hawajajitambua kuwa ni wajawazito. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki ikitumiwa tangu kabla ya mimba hupunguza hatari hiyo kwa takriban asilimia 72 kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo. Kwa hiyo maandalizi ya mimba huanza kabla ya mimba.

Vitamini B12: pengo lisilozibwa na mmea

Wagonjwa wa Bombay walitufunza jambo jingine. Baadhi yao hawakuponywa na dondoo safi la ini, ingawa dondoo hilo liliponya upungufu wa damu wa aina nyingine inayofanana sana na hiyo. Kumbe viini vilikuwa viwili. Kile cha ini kilitengwa mwaka 1948, nacho ni vitamini B12. Umbo la molekuli yake lilifumbuliwa na bibi Dorothy Hodgkin wa Oxford kwa miali ya eksirei, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1964.

Vitamini hii haitengenezwi na mmea wala na mnyama. Hutengenezwa na vijidudu. Ng'ombe huipata kwa vijidudu waishio tumboni mwake, nasi huipata kwa nyama yake na maziwa yake. Mchicha, uyoga, togwa, na hata mwani uitwao spirulina haviwezi kutegemewa. Spirulina ina kiini kinachofanana na B12, lakini mwili wa binadamu haukitumii.

Ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo penye hatari. Mama huweza kuishi kwa mimea pekee miaka miwili au mitatu akajiona mzima, huku akiba ikipungua. Mtoto wake huzaliwa na akiba haba, kisha hunyonya maziwa yasiyo na B12 ya kutosha. Baada ya miezi michache hulegea, huacha kukua, na hata kusahau yale aliyokwisha kujifunza, kama kukaa na kutabasamu. Akichelewa kutibiwa, madhara ya ubongo huweza kudumu. Aidha, asidi ya foliki huweza kuirekebisha damu ya mama huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ganzi ya mikono na miguu ni dalili ya kutopuuzwa.

Mahitaji yenyewe ni madogo mno: mikrogramu 2.6 kwa siku katika ujauzito. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi katika unga mwaka 2011, na B12 ni miongoni mwake. Lakini unga wa mashine ya kijijini hauna nyongeza hiyo. Vidonge vya kawaida vya chuma na foliki navyo havina B12. Kwa hiyo mama asiyekula kabisa chakula cha mnyama hana budi kumwambia mhudumu wa kliniki waziwazi, ili apatiwe vidonge vyenye vitamini hiyo.

Mengineyo kwa ufupi

Chumvi iwe yenye madini joto, kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Kalsiamu hupatikana katika ulezi, ambao huwapita nafaka zetu nyingine zote kwa mbali, na katika ufuta na mboga za majani. Ngozi na ipate jua, ili itengeneze vitamini D. Karanga na mahindi yenye kuvu yasiliwe wala yasichanganywe na mazima, kwani sumukuvu haiondolewi kwa kupika. Mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu.

Chakula cha siku moja chaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji wa ulezi wenye kimea na karanga, pamoja na papai. Saa nne, ndizi mbivu na korosho. Mchana, ugali, maharage ya nazi, mchicha na kachumbari yenye ndimu. Alasiri, togwa na pera. Usiku, viazi vitamu, choroko, kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri, na chungwa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji duka la mjini.

Jaribio la darasani

Lowekeni ulezi safi usiku mmoja, uchujeni, uviringisheni katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu, kisha ukausheni juani, pukuteni vimizizi na kuusaga. Pikeni uji mzito, mgawe katika vikombe vitatu sawa, na mngoje upoe hadi uwe vuguvugu. Katika kikombe cha kwanza msitie kitu. Katika cha pili tieni kijiko kimoja cha unga wa kimea. Katika cha tatu tieni kijiko kimoja cha kimea kilichokwisha kuchemshwa katika maji kidogo. Korogeni na kungoja dakika kumi, kisha inamisheni kila kikombe na kulinganisha kasi ya uji unaotiririka. Uji wa jaribio usinywewe. Mwalimu awaulize wanafunzi: kwa nini kikombe cha tatu hakikufanana na cha pili? Atakayejibu sawasawa ameelewa kimeng'enya ni nini, na ataweza kumweleza mama yake au dada yake sababu ya kukitia kimea baada ya uji kupoa kidogo, na kisha kuuchemsha tena.

Mimea basi yaweza kumpa mjamzito nguvu. Yatakiwa tu tuzijue tabia zake: palipo na ujazo, tupunguze; palipofungwa, tufungue; na palipo na pengo, tulizibe kabla mtoto hajalilipia.